Sekunde moja, mbao 25

Leo naomba tuachane kidogo na siasa. Bajeti ipo, wabunge wapo, bei ya mafuta itapanda na kushuka. Hayo tutayarudia. Leo nataka kumzungumzia mama mmoja wa Kijerumani anayeitwa Christiane Baumgartner. Ni msanii, anaishi Leipzig, na kazi yake ni kuchonga mbao, kuzipaka wino na kuzichapa kwenye karatasi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza: wewe mwandishi wa gazeti, mbao za Wajerumani zinakuhusu nini? Zinanihusu sana. Na wewe zinakuhusu, kama simu yako inapokea picha mia kwa siku kama yangu. Huyu mama huchukua picha za haraka kuliko zote, zile za video na runinga, kisha huzichonga kwa mkono, mstari baada ya mstari, kwa wiki na miezi. Kila nikizitazama kazi zake naiona kazi yangu mwenyewe, na sifurahii ninachokiona. Sisi tunaotoa habari siku hizi tunasambaza picha bila kuigharamia na bila kusema tumeitoa wapi. Yeye anafanya yote mawili, na naamini tuna la kujifunza kwake.

Tuanze na mji. Baumgartner alizaliwa Leipzig mwaka 1967, wakati huo ikiwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 alikuwa kijana wa miaka kama 22. Na kabla ya Ukuta kuanguka Berlin, ni Leipzig iliyotangulia kutoka mitaani: tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini humo, na serikali ikashindwa kuwapiga risasi. Alisoma kwenye chuo cha sanaa ya uchapaji na vitabu cha mji huohuo, chuo ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1764. Baadaye alikwenda London, Royal College of Art, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 1999. Huko ndiko alikozama kwenye video. Kisha akarudi kwao na kufanya jambo ambalo kwa akili ya kawaida halina maana: akaanza kuchonga video kwenye mbao.

Kwa mtu wa magazeti, Leipzig si mji wa kupita tu. Ni hapo ambapo mwaka 1650 mchapaji Timotheus Ritzsch alianza kutoa gazeti la kila siku, linalotambuliwa na wengi kuwa la kwanza duniani. Ni hapo pia ambapo mwaka 1843 lilianzishwa Illustrirte Zeitung, gazeti la kwanza kubwa la picha Ujerumani. Na picha za gazeti hilo zilichapwaje, wakati namna ya kuchapa fotografia gazetini haijapatikana? Zilichongwa kwenye mbao. Magazeti ya picha ya zama zile yaliajiri mafundi wa kuchonga vita, mafuriko, harusi za wafalme na ajali za treni. Picha ikiwa kubwa na muda mfupi, ubao uliundwa kwa vipande, kila fundi akapewa chake, wakakesha wakichonga, asubuhi vipande vikaunganishwa. Kwa hiyo Baumgartner anapochonga picha ya runinga kwenye ubao, hafanyi ushamba wala maajabu. Anairudisha picha ya habari mahali ilipokuwa ikikaa zamani.

Sasa kazi yenyewe. Kwa ambao hawajawahi kukutana na sanaa hii, fikiria muhuri wa mtendaji wa mtaa. Herufi zimechongwa kinyumenyume. Palipoinuka panashika wino, palipochimbwa hapashiki. Ukigonga kwenye barua yako ya utambulisho, palipoinuka panatoa rangi, palipochimbwa panabaki peupe. Chapa ya mbao ni muhuri mkubwa, basi. Msanii anachimba sehemu zote anazotaka zibaki nyeupe, anapitisha rola yenye wino juu ya ubao, analaza karatasi na kuikandamiza. Akiinua karatasi, picha iko pale, kushoto kumekuwa kulia. Akichimba pasipotakiwa, hakuna kifutio. Ubao hauna kitufe cha kurudi nyuma.

Tatizo kubwa la chapa ya namna hii ni rangi ya kijivu. Una wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Uso wa mtu una vivuli, anga ina mawingu, moshi hauna ukingo. Utavipataje kwa nyeusi na nyeupe peke yake? Gazeti lina jibu lake: chukua picha ya gazetini, itazame kwa kioo cha kukuzia, utaona ni vitone tu, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga. Jicho lako ndilo linalovichanganya na kukuambia hii ni sura ya waziri.

Baumgartner anatumia mistari badala ya vitone. Anachukua fremu ya video, mara nyingine aliyoirekodi mwenyewe, mara nyingine iliyotoka kwenye runinga. Anaiingiza kwenye kompyuta na kuigeuza kuwa mistari ya kulala, ya mlalo mtupu, kama ile iliyokuwa ikionekana kwenye runinga za zamani zenye kisogo ukizisogelea sana. Mstari ukinenepa panakuwa peusi, ukikonda panakuwa peupe. Anahamishia picha hiyo kwenye ubao, anachukua kisu, anaanza kuchonga. Kompyuta imefanya kazi yake kwa dakika chache. Mkono ndiyo kwanza unaanza. Akimaliza, anachapa nakala chache sana, na zile kubwa anazichapa kwa kusugua karatasi kwa mkono, sehemu kwa sehemu, juu ya ubao uliolala.

Mimi mwenyewe kazi hizi nimezitazama kwenye vitabu na kwenye skrini ya kompyuta. Na nikuambie kinachotokea. Ikiwa ndogo, unaona picha ya kawaida, unadhani mtu kapiga fotografia usiku kwa kamera mbovu. Ikuze. Picha inaanza kupotea na mistari inajitokeza. Ikuze zaidi. Hakuna ndege tena, hakuna barabara, ni mistari myeusi tu yenye kingo zinazotetemeka kidogo pale ambapo kisu kilikutana na mbao ngumu. Picha ilikuwepo ulipokuwa mbali. Ulipoisogelea ili uijue vizuri, ikakuonyesha ilivyotengenezwa.

Kazi iliyomtambulisha inaitwa "Transall", aliyoifanya kati ya mwaka 2002 na 2004. Ina kimo cha sentimita 155 na urefu wa sentimita 435, yaani ni ndefu kuliko gari la Vitz. Ndani yake kuna ndege za kijeshi za mizigo zimepangwa kwenye uwanja. Hakuna bomu, hakuna maiti, hakuna askari anayelia. Ndege tu, zimesimama, zinasubiri.

Transall ni ndege iliyoundwa kwa ushirikiano wa Ufaransa na Ujerumani. Jeshi la anga la Ujerumani lilianza kuitumia mwaka 1968 na likaistaafisha mwaka 2021. Sasa fikiria miaka ile aliyokuwa akichonga. Ujerumani ilikuwa na wanajeshi Kosovo tangu mwaka 1999, na Afghanistan tangu mwanzoni mwa 2002. Nchi ambayo baada ya mwaka 1945 ilikuwa na aibu kubwa na mambo ya jeshi ilikuwa inatuma tena vijana wake nje. Habari hiyo ilipita kwenye runinga kila jioni: ndege zimepangwa, mtangazaji anasoma sentensi mbili, inakuja hali ya hewa. Mjerumani wa kawaida aliiona picha hiyo kwa sekunde tatu akiwa na sahani ya chakula mkononi. Baumgartner aliichukua picha ya namna hiyo akakaa nayo mezani hadi akaimaliza mwaka 2004.

Na ndege hiyohiyo ina historia nyingine, iliyo karibu na sisi. Wakati wa njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1984 na 1985, ndege za Transall za Ujerumani Magharibi zilibeba na kudondosha chakula kwa watu wa milimani ambako barabara hazifiki. Kwa mtu wa Leipzig ndege hii ni dalili ya vita. Kwa mzee mmoja kule Ethiopia inaweza kuwa ndiyo sababu bado yuko hai. Ukiiona kwenye runinga kwa sekunde tatu, hupati muda wa kuyafikiria hayo yote mawili. Chapa yenye urefu wa zaidi ya mita nne inakulazimisha usimame. Haikuambii ndege ni nzuri au mbaya. Inakupa muda wa kujiuliza, jambo ambalo taarifa ya habari ya saa mbili haiwezi kulifanya hata ikitaka.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya mwaka 2004 na inaitwa "1 Sekunde". Sihitaji kukutafsiria. Kwenye mfumo wa runinga wa Ulaya, ambao hata Tanzania na Kenya tuliutumia, sekunde moja ya video ilikuwa na fremu 25. Baumgartner alichukua sekunde moja ya video iliyorekodiwa kutoka kwenye gari linalokwenda, akachonga fremu zote. Mbao 25, chapa 25, sekunde moja.

Ndani yake kuna nini? Karibu hakuna kitu. Ni mandhari ya kando ya barabara inayopita kwa kasi, mambo ambayo abiria anayetoka Dar kwenda Morogoro huyaona akiwa amesinzia. Hakuna tukio. Mhariri yeyote angeuliza: stori iko wapi? Na hilo ndilo linalonikamata. Aliichonga sekunde ambayo hakuna aliyekuwa anaihitaji, akaifanyia kazi kama vile ina thamani. Nilipoiona nilijiuliza: sekunde zetu zile muhimu, zenye watu waliokufa ndani yake, sisi tunazifanyia kazi kiasi gani?

Niwape mfano, bila kutaja jina la gazeti wala la mtu. Kuna chumba cha habari nilichowahi kukifanyia kazi. Usiku mmoja zilikuja taarifa za ajali ya basi mkoani. Ndani ya dakika chache picha ikaingia kwenye simu kupitia WhatsApp: basi limelala ubavu, moshi, miili pembeni imefunikwa mashuka. Nani ameipiga? Imetumwa na fulani. Fulani kaipata wapi? Kwenye kundi. Ikapandishwa mtandaoni palepale, kwa sababu wenzetu wa gazeti jingine walikuwa wameshaipandisha. Asubuhi simu zikaanza kuingia kutoka kwa ndugu wa abiria. Mzee mmoja alikuja hadi mapokezi, ameshika simu yake, anataka tumkuzie ile picha aone kitenge kilichoonekana kwenye kona, kwa sababu binti yake alisafiri na kitenge kama kile.

Dereva mmoja wa ofisi ndiye aliyeona. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote pale ndani, kisha akasema: usukani wa basi hili uko kushoto. Picha haikuwa ya Tanzania kabisa. Ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, ya nchi nyingine. Watu waliofunikwa mashuka walikuwa ni wafu wa watu wengine, wenye ndugu zao wengine, ambao kwa hakika nao hawakuulizwa. Picha ikaondolewa kimyakimya. Yule mzee hakupewa hata barua.

Siandiki haya ili kumsema mtu. Naandika kwa sababu naijua hesabu iliyo nyuma yake. Picha ile iligharimu nini kwetu? Kifurushi cha intaneti. Haikumgharimu mtu hata dakika tano za kuitazama. Kitu kisichokugharimu huna sababu ya kukichunguza, na ukikipoteza hujapoteza kitu. Yule mzee ndiye aliyelipa.

Mchonga mbao hawezi kuwa na tatizo hilo. Mtu anayejua kwamba picha hii itamchukua miezi anaitafakari kabla hajashika kisu. Je, inastahili? Usukani uko wapi? Yule pale kwenye kona ni nani? Hata kama hakutafakari mwanzoni, kufika wiki ya tatu atakuwa ameshakutana na kila sentimita ya picha hiyo. Hakuna kona ambayo mkono wake haukupita. Dereva wetu aliuona usukani kwa sababu alikaa na picha. Wale wengine wote waliipitisha tu.

Hapa naomba nisimame, kwa sababu kuna mtego. Ni rahisi kusema polepole ni ukweli na haraka ni uongo. Si kweli, na Wajerumani wenyewe wana ushahidi. Mwaka 1515 msanii mkubwa wa Nürnberg, Albrecht Dürer, alitoa chapa ya mbao ya kifaru. Kifaru huyo alikuwa ametoka India, akafikishwa Lisbon kama zawadi kwa mfalme wa Ureno. Dürer hakumwona. Alipata barua na mchoro wa mtu mwingine, akachora, ubao ukachongwa kwa ustadi wa ajabu. Kifaru yule ana ngozi kama ya bati iliyopigiwa misumari, ana magamba miguuni, na ana pembe ya ziada ndogo pale juu ya mabega ambayo hakuna kifaru duniani aliyewahi kuwa nayo. Juu ya picha kuna maandishi yanayomhakikishia msomaji kwamba mnyama ameonyeshwa na umbo lake lote. Hata mwaka wa kufika kwake umeandikwa vibaya: 1513 badala ya 1515.

Yaani stori ya kusikia, kapsheni ina makosa, na uhakika umejaa tele. Ingekuwa leo ingesambaa kabla ya chai ya saa nne. Na ilisambaa. Kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu walimjua kifaru kwa picha hiyo, na vitabu vikainakili pamoja na ile pembe ya uongo. Kwa hiyo jasho peke yake halitoshi. Mtu anaweza kuchonga uongo kwa uangalifu mkubwa.

Ndipo naona Baumgartner anapofika mahali ambapo Dürer hakufika. Dürer alificha njia ambayo picha ilimfikia. Ukiitazama chapa yake hujui kama kuna barua, hujui kama kuna mchoro wa mtu mwingine, unaona mnyama tu. Baumgartner anaiacha njia ionekane. Ile mistari ya kulala inakuambia waziwazi: sikuwa pale, niliiona kwenye skrini, na wewe unaiona kupitia kwangu. Angeweza kuiondoa. Ana kompyuta, ana mafunzo, angeweza kuchonga ndege safi kama vile alisimama uwanjani. Anaacha mistari, na kwa muda wote utakaokuwa mbele ya kazi yake huwezi kusahau kwamba kati yako na zile ndege kuna kamera, kuna runinga, kuna kompyuta, kuna mkono wa mama mmoja wa Leipzig.

Huo ndio uaminifu ninaoutafuta kwenye gazeti. Sisi mara nyingi hatukuwepo. Ajali ikitokea Songea na wewe uko Tabata, hukuwepo, na si dhambi kutokuwepo. Dhambi ni kuandika kama vile ulikuwepo. Ni kuweka picha iliyopita kwa watu arobaini kana kwamba mpigapicha wetu alisimama pale.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: habari haiwezi kusubiri. Kweli. Mafuriko yakiingia Jangwani watu wanahitaji kujua sasa hivi, siyo baada ya miezi sita ya kuchonga. Simwambii mwandishi achonge. Mimi mwenyewe nina dedilaini, nina kodi ya nyumba, na mhariri wangu hana subira hata ya dakika kumi. Lakini tusidanganyane kwamba haraka yote ni kwa ajili ya msomaji. Mara nyingi ni kwa ajili ya kumuwahi mwenzetu. Msomaji hakuwahi kutuomba picha ya maiti ndani ya dakika nne. Dakika ya tano ingetosha kuuona usukani.

La pili: hii ni sanaa ya matajiri, nakala chache, kuta nyeupe za Ulaya. Nalo lina ukweli. Chapa zilianza kama kitu cha bei rahisi, cha kuuzwa sokoni, ili mtu asiyeweza kununua picha ya rangi ya mafuta apate yake. Leo mfanyakazi wa kawaida wa Leipzig hawezi kununua kazi ya Baumgartner, sembuse mimi na mshahara wangu. Lakini simwombi mtu ainunue. Nasema tuitazame namna anavyofanya kazi, na hilo halina bei.

La tatu ndilo zito zaidi: siku hizi mashine inaweza kuchonga. Kuna mashine za miale zinazoweza kukata ile mistari yote kwa muda mfupi, na kuna akili mnemba itakayokutengenezea picha yenye mistari hiyo bila ubao, bila ndege na bila kamera. Kwa nini basi mtu ajitese? Nadhani jibu liko kwenye zile kingo zinazotetemeka. Mashine ikikata, hakuna aliyeitazama picha. Mstari wa Baumgartner ukiyumba, unajua kuna mtu alikuwa hapo, siku fulani, macho yake kwenye sentimita hiyo. Kama ni kosa, lina mwenyewe. Picha ya akili mnemba ya ajali ambayo haijatokea haina mtu wa kumuuliza. Yule mzee angekuja mapokezi kumwuliza nani?

Na hili la mwisho halitupi miaka mingi ya kufikiria. Zamani tulikuwa tunahangaika na picha ya kweli iliyowekwa mahali pa uongo. Sasa tuna picha ambazo hazikuwahi kuwa mahali popote. Ukizitazama kwa haraka huwezi kuzitofautisha. Ukikaa nazo, mara nyingine utaona kidole cha sita, mara nyingine hutaona kitu. Kitakachobaki ni swali la njia: nani aliipiga, wapi, lini, imetufikia kupitia kwa nani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linawezekana kesho asubuhi. Kila picha ya habari iwe na mistari yake. Chini ya kila picha ya tukio, gazetini na mtandaoni, yaandikwe hayo manne: nani, wapi, lini, kupitia kwa nani. Siyo "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao hauna hisani na hauna kamera. Kama imetoka kwenye kundi la WhatsApp na hatujampata mpigapicha, tuandike hivyohivyo: hatujampata. Msomaji ni mtu mzima, ataipima. Na kama tunaona aibu kuandika hivyo, basi hiyo aibu ni dalili kwamba picha hiyo haifai kutoka.

Na ninyi mnaosoma mna sehemu yenu. Kabla ya kubonyeza kutuma, itazameni hiyo picha kwa dakika moja kamili. Dakika moja ina sekunde 60, na kila sekunde ina zaidi ya ubao mmoja. Tazama namba za gari, tazama maandishi ya ukutani, tazama usukani, tazama nani amelala chini na kama ungependa ndugu yake aione kupitia kwako. Baada ya hapo, kama bado unataka kutuma, tuma.

Nyinyi mnasemaje? Wale mnaofanya kazi kwenye vyumba vya habari hasa, niambieni: dakika moja hatuna kweli?